Abebe Bikila: Askari aliyeanza mbio ukubwani

JIONI ya Septemba 10, 1960, askari mmoja mwembamba wa kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama katika mstari wa kuanzia mbio za marathoni jijini Roma akiwa miguu mitupu. Saa mbili na robo baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki, na dunia ambayo haikuwahi kulisikia jina lake ikaanza kumtungia hadithi.

Hadithi yenyewe ingali inasimuliwa. Husemwa kwamba mchunga mifugo maskini, asiyekuwa na uwezo wa kununua viatu, alishuka kutoka milimani, akatiwa kwenye kikosi dakika za mwisho na kuwashinda wakimbiaji wa dunia kwa kipaji cha kuzaliwa tu. Ni hadithi tamu, na kila aisimuliaye humwongezea Abebe Bikila sifa. Lakini inamnyang'anya kazi yake. Abebe alikuwa na umri wa miaka 24 alipoanza kujulikana katika mashindano ya majeshi ya nchi yake, umri ambao wengi huona umeshapita wa kujifunza mchezo mpya. Viatu alikuwa navyo. Na kabla ya kufika Roma alikuwa amepitia mazoezi makali ambayo wapenzi wachache wa riadha nje ya Addis Ababa walikuwa na habari nayo.

Kwa desturi ya Wahabeshi, mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe, na lile la pili ni la babake. Kwa hiyo magazeti ya ulimwengu yaliyoandika Bikila yalikuwa yakimtaja mzee Bikila Demissie, mkulima na mfugaji wa Shewa. Mwanawe aliitwa Abebe, naye alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Siku hiyo hiyo, mbali sana huko Los Angeles, Marekani, mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa. Waandishi wengi hawajaweza kuuacha upite mgongano huo wa tarehe.

Utoto wake ulikatizwa na vita. Majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia Oktoba 1935, na Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Mfalme alikimbilia uhamishoni, na familia nyingi za mashambani, ya akina Abebe ikiwemo, zilihama makwao kutafuta usalama. Waitaliano walipofukuzwa mwaka 1941, Abebe alikuwa na miaka tisa. Alikua kama vijana wengine wa nyanda hizo: kuchunga mifugo, kupanda na kushuka vilima, na kucheza gena, mchezo wa kale wa Wahabeshi unaochezwa kwa magongo na mpira na ambao huhitaji mbio nyingi. Mbio za kupimwa kwa saa hakuzijua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alihamia Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha ulinzi wa Mfalme. Kwa kijana wa shamba asiye na elimu kubwa, hiyo ilikuwa kazi ya heshima: sare safi, mshahara na chakula cha uhakika. Husimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kutoka vilima vya Sululta hadi mjini na kurudi, takriban kilomita 20. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni kutoka pwani hutweta kwa kupanda ngazi tu. Mwenyeji wa huko hupata mapafu mazuri bila kujua. Hata hivyo, mapafu mazuri walikuwa nayo maelfu ya askari wengine, na hawakuwa mabingwa.

Aliyeleta tofauti alikuwa Onni Niskanen, Mswidi mwenye asili ya Kifini aliyekwenda Ethiopia mwaka 1946 na kupewa jukumu la kuwafundisha michezo askari na wanafunzi. Niskanen hakuwa mtu wa miujiza. Aliamini saa, daftari na kurudiarudia. Aliwakimbiza vijana wake masafa marefu kwa mwendo wa wastani, kisha masafa mafupi kwa kasi, akawapandisha milima na kuwashusha, na kila kitu akakiandika. Miongoni mwa vijana hao hodari zaidi alikuwa Wami Biratu, nyota wa majeshi. Katika mashindano ya majeshi ya mwaka 1956 Wami ndiye aliyeshinda, na Abebe akafuata nyuma yake. Hapo ndipo jina la Abebe lilipoanza kuandikwa kwenye daftari la kocha.

Miaka minne iliyofuata haina visa vingi vya kusimulia, na pengine ndiyo sababu wasimulizi huiruka. Ilikuwa miaka ya kuamka mapema, kufanya zamu ya uaskari, na kukimbia tena. Fedha hazikuwemo. Kanuni za Olimpiki za wakati huo ziliwataka wanariadha wawe wa ridhaa, yaani wasilipwe kwa ajili ya mchezo, na mkimbiaji wa marathoni hakuwa na zawadi ya kungojea isipokuwa nishani na jina. Abebe aliishi kwa mshahara wa askari wa chini. Machi 1960 alifunga ndoa na Yewebdar Wolde-Giorgis, naye hakujua kwamba baada ya nusu mwaka angekuwa mke wa mtu ambaye kila mtaa wa jiji ungemtambua.

Julai 1960 Abebe alikimbia marathoni yake ya kwanza, hapo hapo Addis Ababa, akashinda. Mwezi uliofuata akashinda nyingine kwa muda wa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Kwa msomaji wa Mombasa, umbali wa kilomita 42 na mita 195 ni kama mtu kuondoka kwenye matangi ya mafuta ya Shimanzi, apite Makupa, Changamwe, Miritini na Mazeras, na aiache Mariakani nyuma kabla ya kusimama. Abebe aliumaliza umbali huo katika hewa nyepesi ya milimani kwa muda uliokuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya wakati huo, ile ya saa 2, dakika 23 na sekunde 3 ya Emil Zátopek mwaka 1952. Niskanen aliziamini saa zake. Watu wengine walioziona nambari hizo walidhani ama saa zilikuwa mbovu ama njia ilikuwa fupi. Kwa hiyo dhana kwamba Abebe aliokotwa na kupandishwa ndege kwa bahati, kujaza nafasi ya mwingine, haisimami mbele ya nyakati hizo.

Kuhusu viatu, ukweli ni wa kawaida kuliko hadithi. Abebe alikuwa amezoea kufanya mazoezi kwa viatu na bila viatu. Alipofika Roma alitafuta viatu vipya, lakini havikumkaa vizuri na vikaanza kumchubua. Mtu aliyewahi kuingia safari ndefu na kiatu kipya anajua kinachofuata. Baada ya kushauriana na kocha wake, aliamua kukimbia kwa ngozi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imekwisha kukomaa. Ulikuwa uamuzi wa fundi anayechagua zana asiyoitilia shaka.

Waandalizi wa Roma walikuwa wameogopa jua la kiangazi, kwa hiyo mbio zilipangiwa saa 11 na nusu jioni. Hofu hiyo watu wa Mombasa wanaielewa. Mnamo Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika katika kisiwa chao, joto na unyevu vilimshinda hata Kenenisa Bekele, Muethiopia aliyekuwa ametawala mbio hizo kwa miaka mingi, akajiondoa katika mzunguko wa mwisho na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea.

Mbio za Roma zilikuwa na jambo jingine lisilo la kawaida: hazikuanzia wala kumalizikia uwanjani. Wakimbiaji walianzia penye kilima cha Capitolino, katikati ya magofu ya watawala wa kale, na walitakiwa kumaliza kwenye Tao la Konstantino. Giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kando ya barabara ya kale ya Appia wakiwa wameshika mienge kuwamulikia njia.

Niskanen alikuwa amemtajia Abebe wapinzani wa kuwaangalia, mmoja wao akiwa Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, bingwa wa mbio za nyika za kimataifa mwaka huo. Alimwambia amtafute mwenye nambari 26. Lakini Rhadi hakuchukua nambari yake ya marathoni. Alikimbia na nambari 185 aliyokuwa amepewa kwa mbio za uwanjani. Matokeo yake yanachekesha na kushangaza pia. Kilomita baada ya kilomita, Abebe aliwapita watu akimtafuta nambari 26 aliyedhani yuko mbele, huku mtu mwenyewe akikimbia naye bega kwa bega. Tangu karibu nusu ya mbio walikuwa wawili tu.

Mahali pa kuchomoka palikuwa pamepangwa mapema. Karibu kilomita moja na nusu kabla ya mwisho, njia ilipita kwenye Nguzo ya Axum, jiwe refu la kale ambalo majeshi ya Mussolini yalilipora Ethiopia na kulisimamisha Roma mwaka 1937. Baada ya hapo barabara ilikuwa na mwinuko kidogo. Kocha na mwanafunzi wake walikuwa wameikagua njia hiyo kabla ya siku ya mashindano na kuona kwamba hapo ndipo panapofaa. Kama ni mwinuko uliowavutia au ni jiwe, kila Muethiopia ana jibu lake. Abebe aliongeza mwendo, na mita 500 za mwisho akatimka. Alifika kwenye Tao kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, sekunde 25 mbele ya Rhadi. Barry Magee wa New Zealand alikuwa wa tatu. Muda huo uliipiku, kwa chini ya sekunde moja, rekodi ya dunia ya Sergei Popov wa Muungano wa Kisovieti iliyowekwa Stockholm mwaka 1958. Popov mwenyewe alikuwemo katika mbio hizo, akaambulia nafasi ya tano. Abebe Wakgira, mwenzake Abebe kutoka kikosi kile kile, alimaliza wa saba, jambo ambalo husahaulika ingawa ndilo linaloonyesha kwamba mpango wa Niskanen haukuwa wa mtu mmoja.

Waafrika walikuwa wamewahi kushinda marathoni ya Olimpiki kabla ya siku hiyo. El Ouafi mwaka 1928 na Alain Mimoun mwaka 1956, wote wazaliwa wa Algeria, walishinda, lakini chini ya bendera ya Ufaransa. Abebe alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki akiiwakilisha nchi ya Afrika, na alifanya hivyo katika mwaka ambao mataifa 17 ya bara hili yalijipatia uhuru. Kenya haikuwa miongoni mwao. Katika michezo hiyo hiyo Nyandika Maiyoro alimaliza wa sita katika mita 5,000, naye Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, alikimbia masafa mafupi, wote wakiwa bado raia wa koloni.

Aliporudi nyumbani, Abebe alizungushwa jijini mbele ya umati. Mfalme alimvisha nishani ya Nyota ya Ethiopia na kumpandisha cheo kuwa koplo. Kupanda ngazi moja kwa mtu aliyevunja rekodi ya dunia kunaweza kuonekana kidogo, lakini ndivyo alivyotazamwa, kama askari aliyetimiza amri vizuri.

Miezi mitatu haikupita kabla ya uaskari huo kumtia hatarini. Mnamo Desemba 13, 1960, Mfalme akiwa ziarani Brazil, Jenerali Mengistu Neway, kamanda wa kikosi cha ulinzi, alijaribu kuipindua serikali. Majeshi mengine yalibaki upande wa Mfalme, na Addis Ababa ikawa uwanja wa vita kwa siku kadhaa. Jaribio lilishindwa. Mengistu alinyongwa mwaka uliofuata na askari wengi wa kikosi wakauawa au kufungwa. Abebe alikamatwa na kuhojiwa, kisha akaachiliwa, kwa kuwa ilionekana hakushiriki. Ni vigumu kutofikiri jinsi jina lake lilivyoning'inia siku zile. Laiti amri fulani ingemkuta asubuhi fulani mahali fulani, Tokyo isingemjua.

Mwaka 1961 alialikwa nje na kushinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Kisha kukaja kimya kirefu, na Aprili 1963 akaenda Boston, Marekani, pamoja na Mamo Wolde, mwenzake wa kikosi. Wawili hao waliongoza kwa mwendo wa kuvunja rekodi hadi vilima vya mwishoni, ambako baridi na upepo viliwakaza misuli. Abebe alimaliza wa tano na Mamo wa 12. Katika marathoni zote za kimataifa alizozifikisha mwisho, hiyo ndiyo pekee ambayo hakushinda.

Wengi walioandika habari zake huitukuza Roma zaidi, kwa sababu ya mienge na miguu mitupu. Kwa kipimo cha riadha, Tokyo ilikuwa kazi kubwa zaidi. Katikati ya Septemba 1964, wiki chache tu kabla ya Olimpiki, Abebe alishikwa na maumivu ya tumbo mazoezini huko Debre Zeit. Kilikuwa kidole tumbo, naye akapasuliwa. Alitoka hospitalini kabla ya wiki kwisha na kuanza kutembea, kisha kukimbia polepole. Alipotua Japani alikuwa bado anachechemea kidogo.

Mbio zilikuwa Oktoba 21. Safari hii alivaa viatu vyeupe na soksi, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa wapiga picha. Ron Clarke wa Australia aliwatoa wenzake kwa kasi mwanzoni na Jim Hogan wa Ireland akamfuata. Kabla ya nusu ya njia Abebe aliwapita wote na kuanza kukimbia peke yake, uso ukiwa hauonyeshi chochote, mabega yakiwa yametulia. Hogan aliyejaribu kumwandama aliishiwa nguvu na kujiondoa. Abebe aliingia uwanjani kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia, zaidi ya dakika nne mbele ya mtu wa pili. Badala ya kuanguka chini kwa uchovu, alikwenda kwenye nyasi na kuanza kujinyoosha viungo kama mtu anayejiandaa kwa mazoezi ya asubuhi. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Aliyeingia uwanjani wa pili alikuwa askari mwenzake wa kazi, Kokichi Tsuburaya wa jeshi la Japani. Mbele ya umma wa nyumbani kwake, katika mzunguko wa mwisho, Basil Heatley wa Uingereza alimpita na kumwachia nishani ya shaba. Tsuburaya aliichukua shaba hiyo kama deni kwa taifa lake. Januari 1968, akiwa ameumia na hawezi tena kukimbia vizuri, alijiua. Habari zake na za Abebe mara nyingi huandikwa mbalimbali, ilhali walikimbia chini ya mzigo wa namna moja.

Katika michezo hiyo ya Tokyo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, Antao wa Mombasa akibeba bendera, na Wilson Kiprugut akaipatia nishani ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Vijana wa Nandi, Kisii na kwingineko waliokuwa wakisikiliza redio walikwisha kupata mfano wa jirani.

Abebe alirudi Addis Ababa akapandishwa cheo kuwa afisa, akapewa nyumba na gari dogo la Volkswagen. Mwaka 1966 alishinda Zarautz, Hispania, na mbio za kutoka Inchon hadi Seoul, Korea Kusini. Lakini tangu 1967 mguu ulikuwa umeanza kumsaliti. Huko Mexico, Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alisimama mstarini akiwa na jeraha, na kabla ya kufika nusu ya njia akajiondoa. Mamo Wolde, aliyekuwa na umri wa miaka 36 pia, aliendelea hadi mwisho na kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Ethiopia ikawa imetwaa marathoni tatu mfululizo, zote kupitia kikosi kimoja cha askari. Siku chache kabla, Mamo alikuwa ameshindwa na Naftali Temu wa Kenya katika mita 10,000.

Usiku wa Machi 22, 1969, gari la Abebe lilimshinda akiwa usukani, likapinduka, naye akanaswa ndani. Alitolewa asubuhi ya siku iliyofuata. Shingo ilikuwa imeumia, na mwili ulikuwa umekufa ganzi kuanzia hapo kwenda chini. Mwanzo wa safari hiyo na sababu ya ajali vimesimuliwa kwa njia mbalimbali, na havibadilishi kitu. Mtu ambaye miguu yake ilikuwa mali ya taifa zima hakutembea tena.

Mfalme aliagiza apelekwe Uingereza, kwenye Hospitali ya Stoke Mandeville, iliyobobea katika majeraha ya uti wa mgongo. Alikaa huko miezi minane. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Pole pole mikono yake ilirejea. Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumjulia hali.

Hospitali hiyo ndiko daktari Ludwig Guttmann alikoanzisha mwaka 1948 mashindano ya wagonjwa wa viti vya magurudumu, ambayo baadaye yalizaa michezo ya Olimpiki ya walemavu. Kwa hiyo Abebe alijikuta tena mahali ambapo watu wazima hufundishwa michezo upya. Alijifunza upinde. Akajifunza mpira wa meza. Julai 1970 alishiriki mashindano ya Stoke Mandeville katika michezo yote miwili, bila kuibuka bingwa. Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima katika michezo ya walemavu. Hakukubali kukaa tu kwenye jukwaa. Aliingia mbio za vigari vya kuteleza juu ya theluji vivutwavyo na mbwa, akawashinda wapinzani wote 16 kwa muda wa saa 1, dakika 16 na sekunde 17. Mzaliwa wa Jato, aliyeanza riadha akiwa na miaka 24, aliianza mara ya pili akiwa karibu na 39, na safari hii ukutani hapakuwa na rekodi ya dunia iliyomngojea.

Olimpiki ya Munich, 1972, ilimwona akiwa mgeni rasmi, na umati ulisimama kumpigia makofi alipoingizwa uwanjani kwa kiti chake. Mamo Wolde alipata shaba. Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda, alikwenda kumpa mkono baada ya kupokea nishani.

Abebe Bikila alifariki Oktoba 25, 1973 jijini Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililotokana na ajali ile. Alikuwa na miaka 41, akaacha mjane na watoto wanne. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mfalme mwenyewe akiwemo. Haukupita mwaka kabla ya Haile Selassie kuondolewa madarakani na wanajeshi, Septemba 1974, na kikosi kilichowalea wakimbiaji hao kikaishia hapo. Mamo Wolde alikuja kufungwa miaka mingi katika utawala uliofuata baada ya ule wa kijeshi, akafariki Mei 2002, miezi michache tu baada ya kuachiliwa.

Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1976 na 1980. Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda Rio 2016 na tena Sapporo mwaka 2021. Hao wawili ndio pekee waliomfikia Abebe. Kipchoge alipojaribu mara ya tatu, Paris 2024, alijiondoa njiani kama Abebe alivyofanya Mexico, na dhahabu ikaenda kwa Muethiopia, Tamirat Tola.

Machi 2010, katika kuadhimisha miaka 50 ya mbio zile, Siraj Gena wa Ethiopia alikuwa akiongoza marathoni ya Roma. Zikiwa zimebaki mita chache, alisimama, akavua viatu, akamaliza miguu mitupu na bado akashinda. Hakuipita Nguzo ya Axum. Italia ilikuwa imeirudisha Ethiopia kwa ndege mwaka 2005, ikiwa vipande vitatu, na mwaka 2008 ikasimamishwa tena mahali ilipong'olewa.